Betri mpya ya gari: usiponzwe na herufi ya mwisho

Haya wadau, karibuni tena, leo ni betri. Boneti nishafungua, sianzi kufundisha mtu kufungua boneti. Hii hapa betri ya zamani, inashika mwaka wa tano, asubuhi starta ilisema "tik tik tik" ikanyamaza.

Kabla hujatoa hela, hakikisha betri ndiyo imekufa kweli. Mita ya kupimia umeme weka volti DC, gari iwe imelala usiku mzima bila kuwashwa. Ukisoma 12.6 imejaa, 12.4 imepungua, 12.0 hiyo iko hoi. Yangu inasoma... ngoja, kamera inakataa kufokasi, ngoja nisogeze taa... 11.7. Mnaona? Sasa 11.7 peke yake haitoshi kuihukumu, labda taa ya ndani ililala inawaka. Mimi nimeichaji jana mchana kutwa, usiku ikashuka tena, ndo maana naizika leo.

Na ukishaboost gari, yaani kuiwasha kwa betri ya gari nyingine, ikawaka, pima tena injini ikiwa inanguruma. Inatakiwa ije kwenye 13.8 mpaka 14.5 hivi. Ikibaki 12 na kitu, alternata, ile mashine ya injini inayochaji betri, haichaji, na hata ukinunua betri ya dhahabu itakufa wiki hiyo hiyo. Halafu cheki huu unga mweupe na kijani kwenye vichwa, yaani hivi vyuma viwili vinavyoshikwa na waya, maji ya moto na brashi tu, jamani kuna watu wametupa betri nzima kwa sababu ya huu unga.

Okei. Sasa lebo, sogeeni. Imeandikwa 55B24L. Hii ni namba ya kijapani, utaikuta kwenye magari mengi. Hiyo 55 SIO ampea, naona watu wanabishana kila siku, ni daraja la nguvu tu, betri hii ampea-saa (Ah) zake ni kama 45. B ni upana na kimo, 24 ni urefu, sentimita 24 hivi. Ukitaka nguvu zaidi unaweza kupandisha namba ya mbele, 60 au 65, ilimradi B24 ibaki ile ile, kwenye sahani ya kuwekea betri itakaa bila shida.

Tumefika kwenye L. Hapa tulieni, hapa ndo mimi niliaibika. Mara ya kwanza kununua betri mwenyewe nilichukua yenye R, nikasema herufi moja tu itanifanya nini. Nimefika, nimeiweka, nimefunga klampu na bolti zake vizuri kabisa, nashika waya wa chanya... haufiki. Umebaki kama upana wa kiganja. Nikauvuta, nikauvuta, wazo likanijia niigeuze betri, sasa wa hasi nao ukawa mfupi. Nikairudisha dukani kichwa chini.

Kinachochanganya ni kwamba L wanaihesabu ukiwa umesimama upande MFUPI wa betri, ule ulio karibu na chanya, hapo chanya inakuwa kushoto kwako. Lakini ukisimama upande mrefu, vichwa vikiwa karibu na tumbo lako, betri hiyo hiyo ya L chanya iko kulia. Kulia! Kwa hiyo ukienda dukani na akili ya "L ni kushoto" utabeba siyo. Piga picha betri yako kabla hujaitoa, picha ioneshe waya mwekundu uko wapi, muuzaji akikwambia "zote sawa tu" mwoneshe picha. Narudia, piga picha. Nitasema tena mwishoni mnichoke.

Kingine, unene wa vichwa. Hizi B24 zipo za vichwa vyembamba na zipo za vinene, vinene mara nyingi wanaongeza S mwishoni, LS. Ukikosea, kibano kinacheza, na watu wanachomeka kipande cha kopo pale, mimi hapana, kikilegea barabarani gari inazima. Na kimo nacho, betri ikizidi urefu boneti ikashuka ikagusa chanya, hizo cheche hutaki kuziona.

Tena usiamini betri ya zamani asilimia mia, aliyekuwa na gari kabla yako labda aliingiza aliyoipata. Angalia kitabu cha gari, angalia na sahani, kama betri inaelea na kuna nafasi ya vidole vinne, jua si yake.

Gari zinazojizima zenyewe kwenye taa nyekundu, hizo zinataka EFB au AGM, aina za betri zinazovumilia kuwasha gari mara nyingi. Ilikuja na AGM, rudisha AGM, ya kawaida haitadumu. Baadhi zinataka na kompyuta iambiwe kuna betri mpya, hapo tafuta fundi mwenye mashine.

Ile CCA wanayoisifia ni nguvu ya kuwasha kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Isipungue ile ya kitabu, basi. Unapoishi kwenye joto, joto ndo linaua betri, kwa hiyo mimi naangalia zaidi tarehe ya kutengenezwa. Na nabeba mita yangu dukani, ndiyo, wananicheka, mpya ikisoma chini ya 12.4 naiacha, imekaa sana kwenye shelfu. Na hizi wanaziita "betri kavu", ndani mna asidi vilevile, usiilaze kwenye buti.

Kufunga chap chap: zima kila kitu, spana namba 10, hasi inatoka KWANZA, wakati wa kurudisha hasi inakuwa ya MWISHO. Ukianza na chanya spana ikagusa bodi... oya! Mmesikia? Spana imedondoka kwenye injini. Ngoja.

...Dakika kumi baadaye, nimeipata kwa sumaku. Klampu kaza, betri isitikisike. Washa. Imeshika mara moja! Mita 14.2, safi. Saa imerudi sifuri, na kioo cha dereva hakipandi chenyewe, hapa napandisha nashikilia swichi sekunde kadhaa... haya kimekubali. Na ile picha, piga.