Usisaini Mkataba wa Mwaka Kabla Hujafika

Habari zenu huko nyumbani. Natumaini mnanisikia vizuri, ndiyo kwanza nimeingia kutoka kazini, hata koti sijavua. Nilipanga kurekodi mwishoni mwa wiki, lakini jana usiku nimepata ujumbe wa mdogo wetu mmoja anayefuatilia video hizi, na nimeona si vyema akae siku tatu bila jibu.

Amepata kazi. Kazi yake ya kwanza maishani, na ni nje ya nchi. Anaondoka baada ya wiki tano. Ananiuliza hivi: "Dada, nimeona chumba kizuri sana mtandaoni. Mwenye nyumba anasema nikisaini mkataba wa mwaka na kutuma dipoziti wiki hii, ananishikia. Nitume?"

Mdogo wangu, hongera sana kwanza, kutoka moyoni. Na pili, usitume.

Sasa nyote mnaoniandikia kuhusu nyumba, wanaokwenda Ujerumani, Uingereza, Kanada, Dubai, kaeni hapa na mimi kidogo, maana swali lenu ni lile lile. Mnatafuta nyumba kabla hamjaujua mji. Nawaelewa. Mtu anataka kupanda ndege akijua atalala wapi, na mama naye anataka kujua mwanawe atalala wapi. Lakini kujua pa kulala wiki ya kwanza ni jambo moja, na kujifunga mwaka mzima ni jambo jingine kabisa.

Mimi nilituma. Sikutapeliwa, nyumba ilikuwepo na ilifanana na picha. Nilichokuwa nimekiangalia ni ramani, na ramani ilisema kilomita kumi na nne kutoka kazini. Nikajiambia kilomita kumi na nne ni nini? Nilipofika ndipo nikaelewa kwamba basi la mtaa ule lilipita kila baada ya nusu saa, na likikupeleka kituoni bado una treni ya kusubiri. Likichelewa dakika nne tu, treni imekwenda. Saa moja na robo kwenda, saa moja na robo kurudi, siku ambayo mambo yamenyooka. Nilikuwa kwenye kipindi cha majaribio kazini, ule wakati bosi anakuangalia kila hatua, na mimi naingia natokwa jasho, naomba radhi. Nikirudi jioni giza limeshaingia. Mtaa wangu mwenyewe niliuona kwa mwanga wa jua Jumamosi na Jumapili tu. Na mkataba ulikuwa umebakiza miezi kumi na moja.

Hebu tupige hesabu pamoja. Chukua nyumba mbili, moja iko dakika 35 kutoka kazini, nyingine dakika 75. Tofauti ni dakika 40. Kwenda na kurudi, dakika 80 kwa siku. Zidisha kwa siku 20 za kazi: dakika 1,600. Hiyo ni saa 26 na dakika 40 kila mwezi. Zaidi ya siku nzima, usiku na mchana, umekaa kwenye kiti cha basi au umesimama umeshika bomba. Ile nafuu ya kodi uliyoifuata kule mbali, igawe kwa saa hizo 26, uone saa yako moja umeiuza kwa shilingi ngapi. Halafu toa nauli. Wengi wakifanya hesabu hii wananyamaza.

Na si mimi peke yangu ninayesema. Mwaka 1994 mwanafizikia wa Italia, Cesare Marchetti, aliandika kwamba watu, wawe wanatembea kwa miguu au wanapanda magari, huwa wanatumia wastani wa kama saa moja tu kwa siku kusafiri. Mji ukipata usafiri wa kasi, watu wanahamia mbali zaidi, lakini saa inabaki ile ile. Ndiyo maana nawaambia acheni kupima kwa kilomita. Mwaka 2004 nao, mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 909 wenye ajira huko Texas, Marekani, waliosimulia walivyojisikia katika kila shughuli ya siku iliyotangulia. Safari ya asubuhi kwenda kazini ilishika mkia. Niliposoma hilo nilijiona mwenyewe pale kituoni.

Kwa hiyo mimi ushauri wangu ni mmoja: kwanza panga muda, nyumba ya mwaka itafuata. Tafuta chumba chenye samani cha wiki nne mpaka sita, karibu na kazi au kwenye njia moja ya usafiri inayokwenda moja kwa moja kazini. Kitakuwa ghali zaidi kwa mwezi, ndiyo, nakubali. Kwa ile ziada unanunua nafasi ya kuuona mji kwa macho yako kabla hujajifunga. Kabla ya hapo mwandikie mwajiri: je, mnatoa malazi ya mwezi wa kwanza? Mnasaidia gharama za kuhamia? Msione aibu. Waajiri wengi wanaoajiri watu kutoka nje wana utaratibu huo, ila asiyeuliza mara nyingi haambiwi. Waulize pia wenzako wapya kazini wanaishi upande gani. Hao ndio wanaojua treni ipi inakwama mvua ikinyesha.

Halafu zile wiki nne zitumie kweli. Ukipenda mtaa fulani, nenda siku ya kazi, si Jumapili. Simama pale saa moja na robo asubuhi, panda usafiri na wanaokwenda kazini, uingie mpaka mlangoni kwa mwajiri wako. Jioni rudi tena mtaani, baada ya saa tatu usiku, utembee kutoka kituoni hadi kwenye ile nyumba. Dada zangu, hili la usiku ni la kwenu hasa. Hesabu umebadilisha usafiri mara ngapi. Safari ya dakika 45 bila kubadilisha ni bora kuliko ya dakika 35 yenye mabadiliko mawili, kwa sababu kila badiliko ni mahali pa kuchelewea. Kama kazi yako ni ya zamu, hospitalini, kwenye ghala, hotelini, uliza gari la mwisho ni saa ngapi na la kwanza ni saa ngapi. Swali hilo peke yake linafuta nusu ya nyumba ulizokuwa unazitamani.

Kwenye pesa mtasikia watu wanasema kodi isizidi asilimia 30 ya kipato. Namba hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Marekani mwaka 1969 iliweka sheria kwamba mpangaji wa nyumba za umma asitozwe zaidi ya asilimia 25 ya kipato chake, na mwaka 1981 wakapandisha kuwa 30. Ilikuwa kanuni ya nyumba za serikali, si kipimo cha mtu anayeanza maisha na masanduku mawili. Wewe jumlisha kodi na nauli na umeme na gharama ya kupasha nyumba joto, uvipime kwa mshahara unaoingia mkononi baada ya kodi ya serikali. Na kumbuka mshahara wa kwanza mara nyingi unaingia mwisho wa mwezi, wakati mwenye nyumba anataka chake mwanzoni.

Tena uliza kodi inabeba nini. Ujerumani kuna Kaltmiete, kodi baridi, ya kuta tu, na Warmmiete, iliyojumlisha joto na huduma za jengo. Hata hiyo ya pili mara nyingi umeme haumo. Na usishangae kukuta jikoni hakuna jiko wala sinki, kule nyumba nyingi hukodishwa hivyo.

Dipoziti nayo, tafadhali jueni sheria ya kule mnakokwenda kabla hamjatuma hata senti. Ujerumani haizidi miezi mitatu ya hiyo kodi baridi, na una haki ya kuilipa kwa awamu tatu. England, tangu sheria ya mwaka 2019, ni wiki tano kwa kodi isiyofika pauni 50,000 kwa mwaka, na mwenye nyumba lazima aiweke kwenye mpango rasmi wa kuilinda ndani ya siku 30. Kanada, jimbo la Ontario, mwenye nyumba haruhusiwi kudai dipoziti ya uharibifu, anachoweza kuchukua ni kodi ya mwezi wa mwisho. Jimbo la Quebec, huko huko Kanada, hana haki ya kukulazimisha dipoziti kabisa. Dubai ni tofauti tena: wenye nyumba wengi wamezoea hundi za kodi zilizoandikwa tarehe za mbele, na mgeni ambaye hajafungua akaunti ya benki hana kitabu cha hundi. Sasa mtu akikudai kitu ambacho sheria ya kwake inakataza, umeshajua unazungumza na nani.

Jambo moja ambalo linaweza kuharibu mpango wangu huu wa chumba cha muda, na lazima niwaambie. Kuna nchi anwani ndiyo mlango wa kila kitu. Ujerumani unatakiwa kuandikisha makazi ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia, na unahitaji karatasi ya mwenye nyumba kuthibitisha kwamba umeingia. Baadhi ya vyumba vya muda hawatoi karatasi hiyo. Uliza kabla ya kulipa: naweza kuandikisha makazi hapa? Wakijibu kwa kuzungukazunguka, tafuta kwingine.

Na kuhusu kuishi karibu na watu wa kwetu. Mnaniuliza sana hili, na sina moyo wa kuwakatisha tamaa. Upweke wa miezi ile ya kwanza ni mzito, nimelala nao. Lakini kama mtaa wa wenzetu uko saa moja na nusu kutoka kazini, utafika umechoka na hutawaona hata hao uliowafuata. Mimi niliona afadhali kuchangia nyumba na wageni karibu na kazi, na Jumamosi kuwafuata ndugu nikiwa na nguvu za kucheka nao.

Mdogo wangu, turudi kwako. Leo usiku mwandikie huyo mwenye nyumba, kwa heshima, kwamba utafika tarehe fulani na ungependa kukiona chumba kwa macho yako kabla ya kusaini. Kama anapangisha kwa mwezi mmoja mmoja, muulize pia. Akikataa, mwache aende. Halafu nitumie jina la kituo kilicho karibu na kazi yako na saa unayotakiwa kuingia. Kesho nikitoka kazini tutakaa na ratiba za mabasi, mimi na wewe, tuone wiki hizo nne utalala wapi.