Mashine Haioni Haya: Mhadhara kwa Makarani wa Uchaguzi, Kisumu

Hamjambo makarani, wasimamizi wa vituo, na nyinyi mawakala mliojificha nyuma kana kwamba mmetumwa kunipeleleza. Sogeeni, viti vipo.

Kwanza tuelewane. Hapa Kenya hatupigi kura kwa mashine. Tunapiga kwa karatasi. Kifaa cha KIEMS kinamtambua mpiga kura, na jioni kinapeleka picha ya Fomu 34A, ile fomu ya matokeo ya urais ya kituo. Kura yenyewe hakiigusi. Ila uchaguzi ukikaribia huwasikia watu, tena wasomi, wakidai tuhamie mashine kabisa, ati wizi utakwisha. Agosti 10, 2027 si mbali, na swali hilo mtaulizwa foleni ikiwa imefika barabarani. Basi tuwatazame waliotutangulia.

Mwaka 2003, Schaerbeek, kule Ubelgiji, mgombea mmoja aliongezewa kura 4,096 na kompyuta. Iligunduliwa kwa sababu jumla yake ilipita kiasi kilichowezekana. Chukua moja, iongeze maradufu mara 12, utafika 4,096 kamili; ndiyo maana wataalamu walihitimisha kwamba biti moja tu, yaani tarakimu moja ndogo ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, iligeuka kutoka sifuri kuwa moja. Hapakuwa na mwizi. Sasa nielezeni, angekuwa mgombea mwenye wafuasi wengi, nani angeshtuka?

Mwaka uliofuata, kaunti ya Carteret, North Carolina, kule Marekani, mashine ya kupigia kura ilijaa kumbukumbu ikaendelea kupokea watu. Kura 4,438 zikapotea, wala hapakuwa na karatasi ya kurudia.

Na tusiwacheke. Mwaka 2013 mlikaa mbele ya televisheni mkaona kura zilizokataliwa zikipanda pale Bomas, kituo cha kitaifa cha kujumlisha kura, hadi watu wakaanza kunong'ona. Tume ya uchaguzi ilikuja kueleza kwamba programu ilikuwa ikizizidisha kwa nane. Karani wa kibinadamu akiandika namba ya ajabu hivyo, uso unambadilika, wakala anamkazia macho. Mashine haioni haya. Namba ya kweli na ya uongo inazitoa kwa sura ile ile.

Ndiyo maana Mahakama ya Katiba ya Ujerumani, Machi 2009, ilisema uchaguzi lazima mwananchi wa kawaida aweze kuukagua bila kuwa fundi wa kompyuta. Namibia, waliotumia mashine mwaka 2014, mahakama yao ya juu iliamua mwaka 2020 kwamba mashine isiyotoa karatasi ya uhakiki haikubaliki kikatiba. Wewe mwenyewe ukimpa wakala wa M-Pesa pesa, huondoki dukani kabla ujumbe haujaingia.

Turudi kituoni, maana hapo ndipo mkate wenu ulipo.

Anakuja mzee aliyekata miwa Muhoroni miaka yote. Vidole vimelika, mistari imefutika. Anaweka kidole gumba, kifaa kinakataa. Anapangusa kwa shati, kinakataa tena. Jaribuni vidole vingine, taratibu, msimwaibishe. Vikigoma vyote, sheria inaruhusu kumtafuta kwa namba ya kitambulisho, Fomu 32A ijazwe mawakala wakishuhudia. Vizuri. Hatari inaanza saa tisa alasiri, karani amechoka, foleni inapiga kelele, akaamua kila mtu apitie njia ya namba kwa sababu ni ya haraka. Hapo alama za vidole zimekuwa pambo, na hata marehemu anaweza kupiga kura. Mwizi mwenye akili hahangaiki na kuvunja mtambo wenyewe. Anangoja ukwame, aingilie mlango wa dharura ulioachwa wazi. Kwa hiyo kila fomu ya dharura ijazwe papo hapo, isingoje jioni, na mawakala wajue ni ngapi zimejazwa.

Kuhusu kuhesabu nitasema machache kwa sababu mmefundishwa. Juni 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba matokeo ya urais yanayotangazwa kituoni ni ya mwisho. Miezi miwili baadaye matokeo yakamwagika kwenye skrini huku fomu zake hazionekani, na Septemba 1 Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi mzima wa urais. Kumbuka, karatasi ndiyo matokeo. Kinachotumwa ni picha yake. Jumlisheni kwa sauti, mawakala watie sahihi, wapeni nakala, moja ibandikwe mlangoni. Wakala akikataa kutia sahihi, aandike sababu. Kisha ndipo upige picha, na uitazame kabla ya kutuma: namba zinasomeka? Kivuli cha kichwa chako hakijaangukia jumla?

Naam, dada, nimeuona mkono. Unauliza mtandao ukikosekana. Utakosekana, ndugu zangu. Mwaka 2017 vituo zaidi ya 11,000 vilitajwa kuwa nje ya mtandao wa kasi. Usitoke na kifaa peke yako usiku kutafuta netiweki mlimani. Waambie mawakala unakokwenda, nenda na askari wa kituo, anayetaka kufuatana nawe afuatane. Na kabla hujapanda gari, rudi mlangoni uhakikishe ile nakala bado imebandikwa.