Namba Moja, Sura Nne: Herufi za Kiarabu Ndani ya Kompyuta

Mhadhara kwa wachapaji na walimu wa madrasa, Arusha

Assalamu alaikum, na nyote hamjambo. Nimefurahi kuona mafundi wa uchapaji na walimu wa madrasa wamekaa ukumbi mmoja, maana mkikutana dukani mara nyingi mnaachana mmenuniana. Mwalimu ameleta maandishi safi, bango limetoka herufi zimetawanyika na neno limegeuzwa. Fundi anaapa hajagusa kitu. Na ni kweli, hajagusa.

Tuanze na kile kinachohifadhiwa. Kompyuta huweka namba ya herufi, na mchoro wake huja baadaye. Katika Unicode, mfumo wa namba za herufi za dunia ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, ba ni 0628 kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita, ambamo A hadi F nazo ni tarakimu. Namba ni hiyo hiyo, ba ikiwa mwanzo wa neno, katikati, mwisho au peke yake. Zile sura nne anazojifunza mtoto wa madrasa huchaguliwa wakati wa kuonyesha: programu hutazama jirani wa kulia na wa kushoto, kisha huchukua sura inayofaa kwenye fonti, yaani faili lenye michoro ya herufi.

Tazameni neno masjid, مسجد. Kwenye faili kuna mim, sin, jim na dal, zimefuatana kama zinavyotamkwa. Mim inapata sura ya mwanzo, sin na jim sura za katikati, dal ya mwisho. Dal ni miongoni mwa herufi sita zisizoungana na inayofuata: alif, dal, dhal, ra, zai na wau. Ndiyo maana Arusha, أروشا, ina kiungo kimoja tu, kati ya shin na alif ya mwisho. Programu isiyojua kuunga itaijeruhi Arusha kidogo, lakini masjid itaisambaratisha kabisa.

Programu hiyo hiyo mara nyingi haijui pia kuanzia kulia. Hupanga mim kushoto kabisa, dal kulia, na msomaji anakutana na neno linaloanza kwa dal. Hapo fundi mwenye haraka hugeuza herufi kwa mkono. Nawaomba sana, acheni. Ndani ya maandishi ya Kiarabu tarakimu husomwa kutoka kushoto, kwa hiyo ukigeuza mstari mzima, tarehe 12 inakuwa 21, na kadi za harusi zimeshachapwa. Unicode ina kanuni kamili ya kuchanganya pande hizi mbili. Inayotakiwa ni programu inayoifuata.

Mkiona bango limejaa Ø na Ù, huo ni ugonjwa mwingine: faili limesomwa kwa mfumo wa namba za herufi za Kilatini. Visanduku vitupu maana yake fonti haina herufi hiyo. Haya mawili hutibika haraka.

Linaloniumiza zaidi ni dawa ya mtaani. Unicode imehifadhi pia namba za sura moja moja, zilizowekwa kwa ajili ya mifumo ya zamani. Kuna zana zinazobadilisha maandishi yako kuwa sura hizo na kuyapindua. Kwenye bango yanapendeza, lakini faili limeharibika: ukitafuta masjid mara nyingi hutaipata, na ukilifungua kwenye programu nzuri, linasomeka kinyumenyume. Ikibidi utumie njia hiyo, tumia nakala, na faili la asili libaki salama.

Sasa Kiswahili chetu kinapoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Herufi tunazohitaji zimo katika Unicode: pe ni 067E, che 0686, ga 06AF, ve 06A4. Lakini angalieni kibodi mnayochagua. Herufi “ya” ya Kiarabu ni 064A, na “ya” ya Kiajemi ni 06CC. Katikati ya neno jicho haliwezi kuzitofautisha, ila kompyuta inaziona mbili. Kitabu kikichapwa na watu wawili wenye kibodi tofauti, maneno mengi yenye “ya” huenda yasipatikane kwa kutafuta.

Na wenye barua za wazee wa pwani, mtakuta ba imebeba b, p na hata mb. Mnaponakili, iacheni ba kama mwandishi alivyoiweka, na usomaji wenu uandikeni pembeni kwa Kilatini. Pe itumieni katika maandishi yenu mapya.

Karibuni kwa maswali.