Kifaranga kwenye boksi la viatu

JUMA: Haya karibuni tena, mimi Juma, niko na dada Mwanaisha hapa, na leo kaniambia nije na sweta. Dada, sweta la nini na joto hili?

MWANAISHA: Hahaha, kaka nakupeleka Aisilandi bwana. Kuna visiwa kusini mwake vinaitwa Vestmannaeyjar, vyote ni volkano, vinavyokaliwa na watu ni kimoja tu, Heimaey. Sasa ikifika Agosti hivi na Septemba, usiku wa manane unakuta watoto wako barabarani na tochi na maboksi, wazazi hawawafokei, tena wengine ndo wanaendesha gari.

JUMA: Wanatafuta nini?

MWANAISHA: Vifaranga. Kuna ndege anaitwa lundi, mdogo tu, mweusi mgongoni mweupe tumboni, mdomo wake una machungwa na njano kama kapaka rangi ya harusi. Na ile rangi bwana ni magamba, msimu ukiisha yanabanduka, majira ya baridi anabaki na mdomo wa kijivu.

JUMA: Kumbe makeup!

MWANAISHA: Ndo hivyo. Anachimba shimo kwenye nyasi juu ya jabali, anataga yai moja tu kwa mwaka. Kifaranga anakaa humo gizani wiki kama sita analetewa visamaki vyembamba, na mzazi anabeba hata kumi kwa mara moja, wamelala kwa kukingama mdomoni, maana ana vimiba kwenye ulimi na juu ya kinywa, wa kwanza anabanwa hapo, anafungua mdomo anadaka mwingine na yule wa kwanza haponyoki.

JUMA: Mimi chapati mbili tu mkononi moja inadondoka.

MWANAISHA: Sasa siku ikifika kifaranga anaondoka peke yake, usiku, shakwe wasimwone. Inasemekana anafuata mwanga wa mwezi juu ya maji. Ila chini pale kuna mji, kuna taa za bandari, taa za barabarani, basi naye anaenda kwenye taa, anatua kwenye lami na hajui kuinuka tena. Hapo kuna magari, kuna paka.

JUMA: Kama kasa wadogo wa huku kwetu, wakitoka kwenye yai wakaona taa za hoteli wanapanda juu badala ya kushuka majini.

MWANAISHA: Umenena, ni kitu kilekile. Basi watoto wanawafukuza chini ya magari, kwenye vichochoro, wanamweka kwenye boksi analala nyumbani kwao, asubuhi wanampima uzito. Hizo namba zinasaidia watafiti kujua mwaka huo samaki walikuwepo au la, maana tangu miaka ya 2000 katikati wale visamaki waliadimika sana, kuna miaka vifaranga wengi walikufa mashimoni kwa njaa. Na zaidi ya nusu ya lundi wa dunia nzima wanazaliana Aisilandi, sasa fikiria.

JUMA: Halafu umesema volkano, haiwaki?

MWANAISHA: We! Tarehe 23 Januari 1973 usiku ardhi ilipasuka pembeni ya mji kabisa, watu kama 5,300 wakaondoshwa usiku uleule, bahati boti za uvuvi zilikuwa zimelala bandarini sababu ya dhoruba ya jana yake. Lava ikawa inaelekea kuziba mdomo wa bandari, wakawa wanaimwagia maji ya bahari kwa pampu miezi na miezi mpaka ikaganda. Ila mimi kinachonimaliza ni Surtsey.

JUMA: Nini tena hiyo?

MWANAISHA: Kisiwa kipya. Novemba 1963 wavuvi waliona moshi baharini wakadhani meli inaungua, kumbe kisiwa kinazaliwa! Kiliwaka mpaka Juni 1967. Hakuruhusiwi mtu kukanyaga, wanasayansi wachache tu, ili waone uhai unaanzaje penye jiwe tupu. Halafu siku moja wakakuta mche wa nyanya.

JUMA: Nyanya? Kule kwenye baridi?

MWANAISHA: Mtafiti mmoja alibanwa na haja, akajisaidia kwenye mawe, na alikuwa kala nyanya.

JUMA: Hahahaha jamani!

MWANAISHA: Wakaung'oa wakazoa na udongo wake. Ila ukweli kazi ileile ndege ndo waliifanya, 1970 walitaga wa kwanza, halafu kuanzia miaka ya 80 shakwe wakajazana, kinyesi chao kikawa samadi, nyasi zikashika jiwe. Lundi wenyewe waliingia 2004, lazima, wanataka udongo wa kuchimba, kwenye jiwe watachimba nini.

JUMA: Kwa hiyo walisubiri choo cha shakwe. Haya nirudishe kwenye boksi, asubuhi inakuwaje?

MWANAISHA: Wanapanda kwenye jabali upande wa bahari. Unamshika kwa mikono miwili, mabawa yamebanwa, unasikia moyo unapiga haraka haraka kwenye viganja, halafu unamrusha juu, juu kabisa. Anashuka kidogo, unasema basi kaanguka huyu, halafu mabawa yanashika, anapapatika kuelekea majini mpaka anakuwa kidoti. Hatarudi nchi kavu miaka kama miwili hivi.

JUMA: Na boksi?

MWANAISHA: Linarudi nyumbani, usiku lina kazi.