Uziwi wa Ruta: Mawimbi Makali ya Redio na Mtandao Usiotumia Waya

Mhadhara uliotolewa Ngamiani, Tanga

Mabibi na mabwana, assalamu alaykum, na poleni kwa joto la ukumbi huu. Nawashukuru hasa mafundi mliofunga duka mapema ili kuja kunisikiliza.

Mwaka jana niliitwa katika nyumba moja ya wageni huko Raskazone, ambako mtandao ulikuwa ukizorota kila adhuhuri na kurudi katika hali yake ifikapo saa tisa. Mwenye nyumba alikwisha kubadilisha ruta, yaani kile kisanduku kinachorusha Wi-Fi, mara mbili, na jirani yake alikuwa amemhakikishia kwamba wa kulaumiwa ni rada za meli zinazoingia bandarini. Kilichomtatiza zaidi ni kwamba simu za wageni zilionyesha alama ya Wi-Fi imejaa kabisa, ilhali ujumbe mfupi tu ulikuwa hauendi. Alama hiyo hupima nguvu ya mawimbi yanayofika. Haipimi kama yaliyosemwa yameeleweka. Mtu aliyekaa kando ya spika za harusini anaweza kuuona mdomo wa mwenzake ukicheza hatua moja mbele yake, na bado asiambulie neno.

Chanzo kilikuwa jikoni. Maikrowevu hupasha chakula kwa mawimbi ya takriban megahezi 2,450, nayo Wi-Fi ya gigahezi 2.4 hutumia masafa ya kuanzia megahezi 2,400 hadi 2,483.5, hivyo wawili hawa wamepanga chumba kimoja. Jiko la wati 800 likivujisha hata sehemu moja tu ya elfu kumi ya nguvu yake, hizo ni miliwati 80, karibu sawa na ruta, ambayo kwa kawaida hutoa miliwati 100 au pungufu. Kiasi hicho hakimdhuru mpishi, lakini kwa kipokezi kilichozoea kusikia mnong'ono, ni kelele kubwa.

Kelele hiyo hufanya mambo mawili. Kwanza, kifaa cha Wi-Fi kimefundishwa adabu: husikiliza kabla ya kusema, na kikihisi nguvu ya desibeli 62 chini ya miliwati moja, yaani pungufu ya sehemu moja ya bilioni ya wati, hunyamaza kikidhani kuna mwingine anayezungumza. Kelele ikidumu, nacho hungoja. Pili, pakiti, yaani kipande kimoja cha ujumbe, iliyokwisha kutumwa ikiharibika njiani, mpokeaji hatoi jibu la kuipokea, na mtumaji huirudia. Akishindwa mara kadhaa hupunguza kasi, kwa hesabu kwamba maneno yakisemwa polepole yatasikika.

Hapo ndipo penye balaa, na naomba tupatazame kwa makini. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na maikrowevu za kawaida zenye transfoma hutoa mawimbi katika nusu moja tu ya kila mzunguko, hivyo hupiga kelele kwa takriban milisekunde 10 na kunyamaza kwa 10 nyingine. Pakiti ya baiti 1,500 ikienda kwa kasi ya megabiti 54 kwa sekunde huhitaji chini ya robo ya milisekunde, na pakiti nyingi zingeweza kupenya katika kimya hicho. Lakini ruta iliyojishusha hadi megabiti 1 huhitaji milisekunde 12 kwa pakiti hiyo hiyo, ambayo haienei tena katika pengo. Dawa imekuwa ugonjwa.

Sasa turudi kwa yule jirani na rada zake. Rada za meli hufanya kazi karibu na gigahezi 3 na gigahezi 9.4, nje kabisa ya masafa ya Wi-Fi, kwa hiyo katika nyumba ile alikosea. Hata hivyo wazo lake lisitupwe lote, kwa sababu kipokezi kinaweza kuzibwa masikio na mawimbi yasiyo ya masafa yake, mradi yawe makali mno. Kikuza mawimbi kilicho nyuma ya antena kikielemewa, hushindwa kukuza sauti dhaifu tuliyoikusudia, na wakati mwingine huchanganya mawimbi mawili ya kigeni na kuzaa la tatu ambalo halikuwapo hewani. Yakizidi sana, kikuza chenyewe huungua. Ndiyo maana mimi sipendi kuona antena ya intaneti imefungwa mnara mmoja na kisambazi cha redio ya FM bila kichujio na bila umbali wa kutosha. Kuongeza nguvu ya ruta hapa hakufai kitu, kwani asiyesikia hatibiwi kwa kupandisha sauti yake mwenyewe.

Kuhusu chaneli, yaani vichochoro ambamo masafa ya Wi-Fi ya gigahezi 2.4 yamegawanywa, nitasema kwa ufupi: tumieni 1, 6 au 11. Anayekimbilia chaneli ya 3 akidhani amepata uchochoro mtupu huwasumbua wa 1 na wa 6, nao humsikia kama kelele isiyo na lugha. Bora kushiriki chaneli ya 6 na jirani, maana mtapokezana zamu.

Kule Raskazone tulihamia Wi-Fi ya gigahezi 5, mbali na masafa ya maikrowevu. Hapa mezani nimeiacha ruta chaneli ya 11, na ndani ya maikrowevu hii mna kikombe cha maji. Naomba fundi aliye karibu na swichi aiwashe, tutazame namba ukutani kwa dakika 2.