USARF: wanafunzi wa Mlimani na njia ya Nachingwea

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za jioni.

Nimefurahi kwamba historia ya USARF, University Students' African Revolutionary Front, tunaizungumzia hapa Nachingwea, maana kila ninapoisikia inasimuliwa kana kwamba ilianza na kuishia Mlimani, Dar es Salaam.

Ilikuwa jumuiya ndogo ya wanafunzi wajamaa, iliyoundwa Chuo Kikuu mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Mwenyekiti alikuwa kijana kutoka Uganda, Yoweri Museveni. Walter Rodney wa Guyana, mwalimu wa historia, alikuwa nao bega kwa bega. Jumapili walikaa darasani wakisoma na kubishana.

Lakini vitabu havikuwatosha. Mwaka 1968 Museveni na wenzake wachache walikuja kusini, wakaingia Msumbiji, katika maeneo ambayo FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji dhidi ya Wareno, ilikwisha kuyakomboa. Tasnifu aliyoandika baadaye ilipima mawazo ya Frantz Fanon, mwandishi aliyetetea mapambano ya silaha dhidi ya ukoloni, kwa yale aliyoyaona huko. Nasi tunajua FRELIMO walikuwa nani hapa: Farm 17, shamba lililobaki kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ukafa kwa hasara, ndipo wapiganaji wao walipofunzwa.

Novemba 1969 wakatoa jarida, Cheche, jina walilolitwaa kwa Iskra, yaani cheche, gazeti la Lenin wa Urusi. Vijana, hebu wazieni kazi yenyewe. Unachapa kwa taipureta juu ya stensili, karatasi yenye nta. Ukikosea herufi unapaka dawa, unangoja ikauke. Kisha stensili inafungwa kwenye mashine ya kurudufu, kurasa zinatoka moja moja, mikono imejaa wino. Halafu kuzipanga, kuzibana, na kwenda kuuza wenyewe.

Mwaka 1970 toleo maalumu likabeba makala ndefu ya mwenzao Issa Shivji, aliyeuliza ni tabaka gani hasa linalofaidi uchumi tuliokwisha kuutaifisha. Novemba mwaka huohuo USARF na Cheche vikapigwa marufuku. Ilielezwa kwamba Tanzania inajenga ujamaa wake, haihitaji itikadi ya kuazima, na kwamba Umoja wa Vijana wa TANU unatosha. Mimi naona lilikuwa kosa kubwa. Vijana wale hawakuupinga ujamaa. Waliutaka uwe wa kweli, na swali la Shivji lilikuwa la kujibiwa.

Waliobaki wakaendelea chini ya Umoja wa Vijana, na jarida jipya wakaliita MajiMaji. Jina hilo ni la kwetu. Vita ile ilianza mwaka 1905 kwenye milima ya Matumbi, Kilwa, watu wa Nandete walipong'oa pamba ya Wajerumani.

Linaloniuma ni kwamba jina la Cheche lilikuwa Kiswahili, kurasa zake Kiingereza. Mkulima wa hapa, jirani wa vita ya ukombozi wa Msumbiji, asingeweza kulisoma.

Wazee mlioishi karibu na kambi mnayo mengi yasiyomo katika jarida lolote. Kipaza sauti hiki hapa. Tuanze na mzee aliyekaa pale mlangoni.