Mbegu Haichoki: Mkasi Ulio Ndani ya Kiazi

(Mhadhara uliotolewa Uyole, Mbeya, mbele ya wakulima wa viazi mviringo na maofisa ugani)

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi wengine, habari za asubuhi.

Umalila na Uporoto kuna neno nalisikia kila msimu: mbegu imechoka. Mwaka wa kwanza umevuna viazi vya kujaza kiganja, miaka michache baadaye unachimbua gololi. Sasa mimi nasema mbegu haichoki kama ng'ombe wa kulimia. Mara nyingi imo vitani na virusi, na inashindwa. Silaha ya mmea katika vita hiyo ni RNA ndogo mno (RNA ni uzi wa kemikali unaobeba maelekezo ndani ya seli, kama maandishi), zenye urefu wa herufi 21 mpaka 24 tu.

Mmea hauna damu, wala askari wa kuzunguka mwilini. Kila seli inajilinda. Virusi vingi vya mimea hubeba maelekezo yao kwenye RNA, na vinapojinakili, RNA hiyo huwa ya nyuzi mbili zilizoshikana. Seli ikiona uzi mrefu wa namna hiyo inashtuka. Kimeng'enya, yaani protini ya kufanya kazi za kemikali, kiitwacho Daisa kinaukata vipande vipande. Na vipande havitupwi! Protini nyingine, Agonauti, hushika kimoja na kuzunguka nacho, kama mama aliyeingia soko la Mwanjelwa na kipande cha kitenge mkononi, duka hadi duka, mpaka apate jora linalooana nacho. Tofauti ni kwamba huyu akilipata halinunui, analikata: jora ni RNA ya kirusi, na huo ndio mkasi wa mmea. Ishara ya hatari nayo husafiri hadi kwenye majani ambayo virusi havijafika, vikifika vinakuta mkasi umeshanolewa.

Mwaka 1928, Marekani, mtafiti Wingard aliona tumbaku iliyougua: majani ya chini yameharibika, ya juu yanachipua safi, na hata ukiyaambukiza tena hayaugui. Sababu ilikaa gizani miaka 70 hivi. Ni mwaka 1999 ndipo Andrew Hamilton na David Baulcombe, Uingereza, walipoziona RNA hizo ndogo ndani ya mimea.

Mtaniuliza: kama mkasi upo, kwa nini viazi vyetu vinaugua? Kwa sababu adui naye si mjinga. Kirusi Y cha viazi, kile kinacholeta batobato, kina protini inayokumbatia vile vipande hata Agonauti akose cha kushika. Kirusi cha kukunja majani ni katili zaidi: kina protini inayomfanya Agonauti mwenyewe avunjwevunjwe. Mmoja anamnyang'anya mama kipande cha kitenge, mwingine anamuua mama. Vikikutana kwenye shina moja, hesabu mwenyewe. Vyote viwili huletwa na vidukari, wadudu wadogo wanyonyao utomvu, na dawa ya ukungu unayopuliza haivigusi kabisa. (Nawajua mnaopuliza mara mbili. Hela yenu.)

Kuna na baridi. Mwaka 2003 ilichapishwa kwamba kwenye mimea ya jamii ya tumbaku, nyuzijoto 15 hupunguza sana utengenezaji wa RNA hizi, na joto likipanda zinaongezeka. Sisemi viazi vya huku vina hesabu ileile. Lakini mtu aliyepita Umalila asubuhi ya mwezi wa saba ataelewa kwa nini nililisoma jambo hilo mara mbili.

Tunavyochagua mbegu ndiko tunakomsaidia adui. Vikubwa vinaenda sokoni, vidogo vinabaki mbegu. Shina lenye virusi ndilo hasa huzaa vidogo! Hivyo kila msimu tunachagua wagonjwa kwa mkono wetu, na kirusi hakihitaji hata kusubiri kidukari, kimeshalala ndani ya kiazi.

Mama pale nyuma aliniuliza kabla hatujaanza, wataalamu wanapata wapi mbegu safi ikiwa zote zimeugua. Mama yangu, kwenye ncha ya chipukizi. Seli za pale juu kabisa mara nyingi virusi haviingii, na mkasi huu ni mmojawapo wa walinzi wa mlango. Maabara hukata ncha hiyo, chini ya milimita moja, wakaiotesha kwenye chupa, kisha wakaipima kabla ya kuizalisha.

Haya, pokeeni majani haya mawili, mpitishiane. Moja limekunjamana kingo kuelekea juu kama kijiko, ukilifinya linavunjika kama karatasi kavu. La pili lina mabaka ya kijani kibichi na kijani kilichopauka. Aliye na shamba aniambie lipi ameliona kwake, na mbegu yake ina miaka mingapi.